Bichi za Samia, na Jinsi Nilivyorudi Malaba Peke Yangu

Nyinyi mliokuja wiki ile mkisingizia kununua soda, huku macho yenu yakimtafuta mke wangu jikoni, nilijua mnachotaka. Mmoja wenu alithubutu hata kufungua mlango wa stoo. Niliwaambia Mama Amoit ana shughuli kidogo upande wa ziwa, nanyi mkaitikia "sawa" kwa sauti ya watu walio matangani. Sasa pua yangu imeacha kubabuka, moyo umetulia, na naweza kuwasimulia yote toka mwanzo. Habari za matayarisho nitazigusa tu kwa sababu matayarisho yalikwenda vizuri. Kilichoharibika ni safari.

Malaba: ahadi

Mnajua kazi yetu. Mimi na mke wangu Nabwire, huyo Mama Amoit, tuna gesti nyuma ya foleni ya malori. Madereva wakikwama mpakani hulala kwetu, huoga, hula, na wakishashiba husimulia Mombasa. Wanasimulia mchanga mweupe, madafu, na watu wazima wanaolala juani mchana kutwa kama nguo zilizoanikwa. Nabwire alikuwa akisikiliza huku akikunja shuka. Siku moja alisema, bila kumtazama mtu, kwamba angependa kuona maji yasiyo na ng'ambo.

Mimi nikaahidi Mombasa. Niliahidi mbele ya madereva, kwa sauti, na wakanipigia makofi. Asubuhi yake nikaamka nikiwa na akili zangu, nikaanza kutafuta namna ya kuileta Mombasa karibu. Aliyeniokoa ni Musa, mfanyabiashara wa Busia anayetuletea samaki kwa pikapu. Aliniambia kwao ziwani bichi zimejaa: Sio Port, Bumbe, Sisenye, mpaka Port Victoria, zimepangana kando ya maji na vilima vya Samia viko nyuma yake. Mimi niliposikia neno bichi nikatosheka. Sikuuliza bichi maana yake nini huko. Hilo ndilo kosa la kwanza, na mengine yote ni watoto wake.

Nilinunua kaptula, kofia pana ya ukili na miwani ya jua. Kwa fundi wa matairi niliazima tyubu ya lori, maana sijui kuogelea. Sisi Wateso wa Moding ni watu wa ng'ombe na mashamba. Maji ya kina tuliyozoea ni ya chungu cha ajon, ile pombe yetu ya wimbi, na huko tunaingiza mrija tu, hatuingii wenyewe. Nabwire, ambaye ni Mmarachi wa Butula na haogopi kitu, alitazama tyubu, akanitazama mimi, akaenda kufungasha nguo zake kwenye mfuko mdogo. Tukamwachia shemeji gesti.

Malaba hadi Busia: pilau isiyokuwa yetu

Musa alikuwa akirudi na masanduku matupu, akatubeba. Nabwire alikaa mbele. Mimi nilichagua nyuma, nipate upepo kama watalii, na mpaka tulipofika Busia nilikuwa nanuka kama mzigo.

Ilikuwa Ijumaa, saa ya sala. Musa alisema hawezi kupita msikitini siku hiyo bila kuingia, kwa hiyo akatushusha kwa mama yake tupumzike kivulini. "Mwambieni nimewaleta," alisema, akaondoka mbio.

Mama yake alitupokea kama watu waliongojwa tangu jana. Ndani kulikuwa na udi, mazulia yamepigwa vumbi, na kabla sijapata pa kuweka tyubu yangu sinia ya pilau ikateremshwa mbele yetu, nyama zimekaa juu kama wazee barazani. Nikawaza, watu wa Busia wana heshima. Nabwire alininong'oneza kwamba chakula hiki ni kingi mno kwa abiria wawili. Nikamwambia ale, asiwaaibishe wenyeji.

Yule mama alikaa mkabala nasi akaniuliza habari za Malaba, kisha akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama kijana mwenyewe hajambo. Mimi nina kijana mmoja, Emuria, anauza katika duka la vifaa vya ujenzi Kitale. Nikasema hajambo kabisa. Akauliza kama ana kazi. Nikaisifu kazi yake. Akauliza kama anasali.

"Kila wiki," nikasema. "Hakosi."

Yule mama akaweka kijiko chini. Nabwire akanikanyaga mguu. Mimi nikadhani hajaridhika na sifa za mwanangu, nikaongeza kwamba Emuria hata pombe hagusi, isipokuwa sikukuu.

Nyuma ya pazia msichana alicheka, akajiziba mdomo, akashindwa, akacheka tena. Wakati huohuo mlango ukafunguka, wakaingia wanaume waliovaa kanzu safi na wanawake waliobeba vifurushi, Musa akiwa nyuma yao. Wote wakasimama kunitazama mimi, nikiwa na kaptula, mfupa mkononi.

Nadhani mmeshaelewa kabla yangu. Siku hiyo nyumba ile ilikuwa ikingoja wageni wa posa ya dada yake Musa, wageni kutoka Malaba, na Musa kwa haraka yake alikuwa amesahau. Nilijaribu kuomba radhi nikiwa bado nimeshika mfupa, maana sikuona pa kuuweka. Mama Musa ndiye aliyeokoa hali. Alisema katika posa zote zilizowahi kuletwa nyumba ile, hajawahi kumwona baba mkweli kama mimi, na wageni wakacheka. Hakukubali tuondoke hivihivi. Tulifungiwa pilau iliyobaki, na Nabwire alichelewa kutoka kwa sababu alikuwa ameshaingia jikoni kusaidia kuosha sinia. Nilimwita mara kadhaa toka barabarani. Alitoka akipangusa mikono, na njia nzima hadi Sio Port, ndani ya matatu, alikuwa akitazama nje ya dirisha, mabega yakimtikisika.

Sio Port: mgeni rasmi

Kulala, tulilala gesti ya pale. Mwenye gesti akienda gesti ya mwenzake hapumziki, anakagua. Nilijaribu bomba, nikanusa shuka, nikabonyeza godoro, nikamwambia mhudumu kwamba kwetu Malaba mgeni hawekewi chandarua chenye tundu. Akasema sawa boss, akaleta sindano na uzi. Aliyeshona ni Nabwire.

Asubuhi nilivaa kamili, kofia, miwani, kaptula, nikauliza bichi iko wapi. Kila mtu alielekeza kidole sehemu moja, chini kwenye maji. Tukashuka. Tulikuta mashua zimevutwa kwenye matope, mizani imening'inizwa chini ya kibanda, wanawake wanatandaza omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu, na korongo wakubwa wanatembea katikati ya watu kama askari wa baraza. Aliyelala juani hakuwepo hata mmoja. Nikajua tumewahi, wenye kulala bado hawajaamka.

Nikatandika mkeka mahali palipokuwa wazi, nikakaa. Mwanamke mmoja akaja taratibu akaniambia, "Boss, hapo ni ya kuanika omena yangu." Nikahama. Huko nako palikuwa pa mwingine. Nilihama hadi nikaona aibu, nikasimama tu, nikatoa simu nikaanza kupiga picha za nyavu, kwa kuwa zilikuwa za rangi nzuri.

Hapo ndipo bichi ilipoanza kupungua watu. Wanaume waliokuwa wakishona nyavu walizikunja wakazikalia. Mashua mbili ziliingia majini kwa haraka, moja bila kasia. Nikamwambia Nabwire watu wa huku ni wachapakazi kweli. Kisha akaja mzee mmoja akifunga vifungo vya shati, akanishika mkono kwa mikono miwili, akajitambulisha kuwa mwenyekiti wa bichi, akanikaribisha kibandani kwa chai ya maziwa na ngege, samaki mzima wa kukaanga.

Sasa nawaambia nyinyi rafiki zangu, ngege yule alikuwa mtamu. Ngozi ilipasuka kwa vidole, ndani mweupe, ugali wa moto pembeni. Nilikuwa nimeshaanza kumla kichwani wakati mwenyekiti alipoanza kueleza kwamba nyavu za matundu madogo zinaonekana bichi nyingine, hapa hazijulikani kabisa, na kwamba "afisa" anakaribishwa kujionea wakati wowote. Ningeweza kusema mimi si afisa. Lakini nilikuwa na mdomo uliojaa, na katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilipomeza nikajikuta nasema ni vizuri samaki wadogo waachwe wakue. Mwenyekiti akawaita watu waje wasikie. Walikuja. Nikasema tena, nikarefusha, nikaingiza habari za vizazi vijavyo. Walinipigia makofi ya watu wenye wasiwasi. Mwenyekiti akauliza natoka ofisi ipi.

Nabwire akaweka kikombe chini. Akasema:

"Huyu ni mume wangu. Ako na gesti Malaba. Tumekuja kuoga."

Yule mama wa omena akaanza kucheka, na kicheko kikaenda mpaka kwenye mashua. Waliokalia nyavu wakainuka. Mwenyekiti hakukasirika, alishusha pumzi kama mtu aliyetolewa mwiba. Kwa kuwa tulisema kuoga, akatuonyesha pa kuoga: wanaume kushoto nyuma ya mafunjo, wanawake kulia nyuma ya jiwe. Akauliza kama tuna sabuni.

Nilitaka kusema kuogelea, lakini nilikuwa nimeshaongea vya kutosha siku hiyo. Nikaenda kushoto. Nyuma ya mafunjo palikuwa na wanaume wamejipaka povu, uchi kama walivyozaliwa, na mmoja akiosha pikipiki. Mwenye nguo nilikuwa mimi peke yangu, na walinitazama kana kwamba ni mimi nisiye na adabu. Nikaingia mpaka magotini, tyubu kiunoni. Tope likavuta kandambili moja, sikuiona tena. Mwenye pikipiki akaniuliza kwa upole kama nimeambiwa na daktari.

Sio Port hadi Sisenye: yale niliyosimuliwa

Mwenyekiti alitusamehe mpaka akatutafutia boti iliyokuwa ikielekea Port Victoria, ikipitia Bumbe na Sisenye. Alituambia Sisenye kuna mchanga.

Ufuo ule ni mzuri sana. Vilima vya Samia vinashuka vikiwa vya kijani hadi karibu na maji, kisha mawe makubwa, kisha mafunjo, kisha ghuba ndogo yenye mashua za rangi, na baada ya kila ncha ya nchi kavu inafunguka nyingine. Ndege weupe wamekaa juu ya mawe kwa mstari. Ukitazama upande wa pili, maji yanakwenda tu mpaka yanakuwa mbingu. Haya yote nimeelezwa na Nabwire. Mimi nilikuwa nimefumba macho tangu tulipoacha nchi kavu.

Bumbe tulisimama kushusha kreti za soda. Nikafumbua, nikaona ardhi, nikafikiria kushuka nikaishi hapo. Tukaondoka tena. Mbele kidogo injini ikakohoa ikanyamaza. Gugumaji lilikuwa limejisokota kwenye panga la injini, na mwenye boti akainama na kisu kulikata, bila haraka yoyote, huku upepo ukitusukuma polepole kuelekea Uganda.

Abiria wengine walikuwa wanawake wawili wa samaki na mbuzi mmoja. Hakuna aliyetingishika, hata mbuzi. Mimi niliingiza kichwa na mikono kwenye tyubu, nikaanza kusali kwa Kiteso, na nilipomaliza nikaanza kumwagiza Nabwire mambo ya baada yangu: funguo za akiba ziko wapi, nani asipewe chumba tena, Emuria aambiwe nini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, boti ikizama sote tumo, namwagiza nani?

Mmoja wa wale wanawake akaficha uso kwenye kanga. Nabwire mwenyewe hakucheka. Alikuwa ametia mkono majini na anatazama mbali kule ambako hakuna ng'ambo.

"Baba Amoit," akasema, "Amoit anataka nihamie kwake Nakuru. Sijamjibu."

Amoit ni binti yetu mkubwa, mnamkumbuka. Nikamuuliza ni kwa muda gani.

"Amesema nihamie. Hakusema muda."

Nikauliza yeye anaonaje. Akasema hilo ndilo analofikiria. Injini ikawaka. Mwenye boti akapiga kelele ya furaha, wanawake wakaanza kuongea, na mimi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikasahau kabisa kuogopa maji.

Sisenye: mchanga

Mchanga upo kweli. Si mwingi, lakini upo, na mawimbi madogo yanaupanda na kushuka. Mwanamke mmoja Msamia aitwaye Ajiambo ana vyumba vichache vya mabati hapo juu ya ufuo, na mchana hufanya kazi yake ya omena. Alitupokea bila maneno mengi. Alitupa chumba, akatuonyesha choo, akarudi kazini.

Nabwire alivua viatu, akashika sketi, akaingia majini mpaka magotini. Akasimama. Alisimama hivyo muda mrefu, hafanyi kitu chochote.

Mtu mwenye busara angemwacha. Lakini mimi moyoni nilikuwa na Nakuru, nikaamua kwamba lazima afurahi, na afurahi mbele yangu, ili akumbuke ni nani aliyemfurahisha. Nikaanza kazi. Nilimwita aje aone ndege. Nilimwita aje apigwe picha, halafu aje apige yangu. Nilimwita kula, nilimwita kuonja soda kama ni baridi, nilimwita aje aketi kwenye tyubu nimsukume, akaketi, nikateleza, tyubu ikapinduka, tukazama wote mahali ambapo maji yalifika kiunoni. Aliyeokolewa ni mimi. Nilimwelekeza Ajiambo jinsi ya kukaanga samaki. Ajiambo alinisikiliza kwa adabu, akamkaanga kama alivyokuwa akimkaanga siku zote.

Kesho yake nilikuwa nimeamka na mpango. Tungeenda Port Victoria, tuone Marenga, tuone Mulukhoba, tumalize bichi zote kabla ya kurudi. Nilikuwa nimeshavaa. Nabwire alikuwa ameketi na Ajiambo juu ya mashua iliyogeuzwa, hawazungumzi, wanatazama maji tu. Nikamwita. Akaitika, akainuka nusu. Halafu akaketi tena. Nikamwita mara ya pili, nikidhani hakusikia vizuri.

"Baba Amoit," akasema, "enda nyumbani."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Enda wewe. Mimi nabaki kidogo."

Nikasogea karibu. Nikamuuliza nimemkosea nini. Alifikiria kwanza, maana Nabwire hasemi jambo ambalo hajalipima.

"Hujanikosea. Lakini leo umeniita tangu nifungue macho. Nyumbani nako wananiita. Mama funguo, mama shuka, mama chai imepoa. Nimeitwa miaka yote. Nataka kukaa mahali siitwi."

Ajiambo aliinuka akaenda kugeuza omena ambazo alikuwa ametoka kuzigeuza.

Nilimuuliza kama ataenda Nakuru. Akasema hawezi kulifikiria nikiwa nimesimama hapo. Nilimuuliza atarudi lini. Akasema hajui, atakuja akija. Nilichopata kusema ni kwamba nimemlipia chumba kwa jina langu, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote, na bado sijui kwa nini nililisema. Akanitengenezea kola ya shati, kama anavyofanya kila ninapotoka.

Kwa hiyo mkiniuliza Port Victoria inafananaje, waulizeni wengine.

Sisenye hadi Malaba: faraja za njiani

Nilipata bodaboda ya kunipandisha vilimani hadi Funyula. Tyubu haikuwa na pa kukaa ila shingoni mwangu, nami nilikuwa mwepesi wa machozi, basi picha ichoreni wenyewe. Kila tulipopunguza mwendo watu walisimama kutazama. Mwanafunzi mmoja alinisalimia kwa saluti.

Mwenye bodaboda aliniuliza mbona mzee umenyamaza. Nikamwambia yote, mgongoni mwake, kwa kupiga kelele kwa sababu ya upepo. Akaniambia nisijali, mama atarudi, hata wake alienda kwao na akarudi. Nilimuuliza alirudi baada ya muda gani. Akaongeza mwendo.

Kule juu nilimwambia asimame. Nikageuka. Ziwa lote lilikuwa chini, ncha na ghuba zake zote kama Nabwire alivyonisimulia, na wakati huu macho yangu yalikuwa wazi. Nilijaribu kuona Sisenye iko wapi. Nadhani niliiona.

Malaba nilimkuta shemeji mlangoni. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akavua aproni akanikabidhi. Siku hiyohiyo alikwenda kwake, na hapo ndipo nyinyi mlipoanza kuwa na kiu ya soda.

Mnaopita nje mnaona gesti. Hamjui kinachofanyika ndani, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui, ingawa nilikuwa mwenye gesti miaka yote hiyo. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele na kuongea na wateja. Sasa nikawa nyuma. Nilichoma shuka kwa pasi, likabaki na alama ya pasi kama muhuri. Maharagwe niliyaweka jikoni, nikaenda kutafuta funguo za mgeni, nikarudi nikakuta moshi. Kabla sijaketi sauti ilitoka chumba hiki, "Mama! Taulo!", kabla sijafika nyingine ilitoka uani, "Mama! Maji yamekatika!" Hata walioona kwa macho yao kwamba mimi si mama waliendelea kuita hivyohivyo. Lilikuwa jina la kazi. Dereva mmoja wa Uganda, mteja wetu wa zamani, alionja chai yangu, akaiweka chini kwa upole.

"Ssebo," akaniuliza kwa heshima ya Kiganda, "nnyabo wetu ako wapi?"

Nikamwambia mama amepumzika. Akasema, kwa huzuni ya kweli, kwamba hakuwahi kufikiria kama yule naye huchoka. Nilitaka kumkasirikia, lakini hata mimi sikuwa nimewahi.

Nilijizuia kupiga simu mpaka nikashindwa. Aliyepokea ni Ajiambo. Nikamuomba anipe mama. Akasema, "Ako kwa maji." Nikauliza amezama? Akasema, "Mzee, anaoga tu," na nikamsikia akimwambia mtu pembeni, na wakacheka pamoja. Kile kicheko cha pili nakijua. Sikuwa nimekisikia muda mrefu. Nikakata simu mwenyewe, na sikupiga tena. Msiulize ilinigharimu nini kutopiga. Nilimpigia Amoit badala yake, nikamwambia kwa ujanja kwamba nasikia Nakuru kuna baridi sana. Akasema, "Baba, mwache mama aamue," akaniuliza nimekula nini, nikadanganya.

Aliporudi

Alirudi siku moja, kabla ya saa ya chakula cha mchana, kwa pikapu ya Musa, akiwa amekaa mbele. Alikuwa amekuwa mweusi zaidi, mikono imejaa omena za zawadi. Nilikuwa nimepanga maneno. Niliyapanga nikifua, niliyapanga nikipika, yalikuwa mengi na mazuri. Nilipomwona nikajikuta napangusa meza iliyokuwa safi.

Hakupita jikoni. Alikuja akaketi kwenye kiti cha wageni pale mbele, akaweka mfuko chini, akanyoosha miguu.

"Nipatie chai," akasema.

Nikaenda nikapika. Nilimletea kikombe kwenye sahani, kama anavyowafanyia wageni. Alionja, akasema sukari imezidi, akainywa yote. Mimi nilisimama. Kisha akaniambia ameamua. Atakwenda Nakuru Desemba, akae na Amoit na mjukuu, halafu atarudi, kwa sababu hapa ni kwake pia. Lakini hatarudia kukaa kama alivyokaa. Nikasema sawa. Akanitazama kuona kama nimesema tu. Labda aliona alama ya kuungua na pasi iliyokuwa mkononi mwangu, maana alitabasamu kidogo.

"Chumba gani iko wazi?" akauliza.

Nikamwambia kile cha mwisho, kisicho na kelele za barabara, dirisha lake linatazama upande wa Moding. Nikaongeza haraka kwamba shuka ni safi, nimelitandika mwenyewe. Akanyoosha mkono, nikampa funguo. Akaenda, akaingia, nikasikia akifunga kwa ndani, halafu kitanda kikalia kidogo, kisha kukawa kimya.

Nilisimama nje ya mlango ule kwa muda. Nilikuwa na swali, hata sikumbuki lilikuwa swali gani. Kutoka uani dereva mmoja akaita, "Mama! Maji ya moto!"

Nikaitika mimi.